Kitanda Chenye Honi

Nchi ninayoisimulia si hii yetu, tuelewane mapema. Atakayedai kumtambua mtu humu ndani, hayo ni ya kwake na nafsi yake. Mimi simjui mtu. Nchi yenyewe inaitwa Usawa. Waasisi walipoipa jina hilo walikuwa wanafikiria haki, kwamba mwenye nacho na asiye nacho wahesabike sawa. Lakini wataalamu waliokuja baadaye kutunga kanuni walilisoma jina hilo kwa haraka, wakaelewa kwamba nchi ni tambarare. Tangu hapo kanuni zote za Usawa hutungwa kwa ajili ya nchi isiyo na kilima. Milima ipo, tena mingi, na watu wanaishi juu yake, wanalima kabichi na viazi na kuzaa watoto. Ila katika maandishi ya serikali inaitwa "maeneo tambarare yaliyoinuka kwa muda".

Katika nchi hiyo alikuwepo bwana mmoja aitwaye Tumsifu Ndelwa, Mkaguzi Msaidizi katika Mamlaka ya Maumbo ya Vyombo. Kazi ya Mamlaka hiyo ni kuhakikisha kwamba kila chenye magurudumu kinabaki na umbo kililotoka nalo kiwandani. Ukiongeza, umekosa. Ukipunguza, umekosa zaidi. Ndelwa alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye mashati yaliyonyooka kuliko barabara za nchi yake, na aliipenda sheria jinsi wengine wanavyopenda mpira. Mkewe, Bi Tekla, alipotaka kufunga kikapu mbele ya baiskeli yake ya kwendea sokoni, Ndelwa alimsihi aombe kibali kwanza. Bi Tekla alikwenda sokoni kwa miguu miaka mingi, kikapu kichwani, akiwa bado anampenda, ingawa si kila siku.

Basi zikafika habari makao makuu kwamba huko Ngazini, tarafa ya mbali kabisa, kuna kitanda kimeonekana kikipanda mlima chenyewe, na juu yake kuna mgonjwa.

Habari hizi zilizua ubishi mkubwa. Watu wa Maumbo walisema kitanda ni samani, hivyo si chao, kiende Idara ya Samani. Watu wa Samani walisema samani haitembei, na ikitembea wao wamenawa mikono. Wizara ya Tiba ilisema inahusika na mgonjwa akiwa amefika. Akiwa njiani ni msafiri. Watu wa Usafiri walisema msafiri hukaa, hajilazi kitandani. Mkutano ukaitishwa, ukaahirishwa, ukaitishwa tena, hadi Mkurugenzi Mkuu wa Maumbo, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kapufi, alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: je, kitanda hicho kina honi?

Wakapiga simu Ngazini kuulizia. Kina honi.

"Basi ni chombo," akasema Mheshimiwa Kapufi, na kila mtu akaona jinsi elimu inavyosaidia. Ndelwa, ambaye hakuwahi kutumwa mbali zaidi ya maegesho ya ofisi, akapewa safari. Alipewa futi ya kupimia, kitabu cha kanuni, utepe mwekundu wa serikali na kufuli. Usiku huo hakulala vizuri kwa furaha.

Gari lilimfikisha Ndelwa chini ya mlima wa Ngazini, penye hospitali ya wilaya. Hapo aliikuta fahari ya eneo lile: Gari la Wagonjwa la Mfano. Lilikuwa jeupe, refu, lenye milango ya vioo inayojifungua yenyewe na king'ora cha milio mbalimbali. Lilizinduliwa kwa ngoma na hotuba, likatunukiwa tuzo likiwa limeegeshwa. Upana wake ulizidi upana wa barabara ya kwenda Ngazini, kwa hiyo halikuwahi kwenda Ngazini. Dereva wake, mtu mwenye adabu, alimweleza Ndelwa kwamba hilo si kosa la gari, maana gari limetengenezwa kufuata kanuni. Ni barabara ndiyo haikufuata. Mgonjwa yeyote wa mlimani anakaribishwa kulitumia, mradi aletwe hadi lilipo.

"Na akishaletwa hapa?" Ndelwa aliuliza, kwa nia njema tu. "Hospitali si ndiyo hii?"

Dereva alimwonyesha geti la hospitali, pale ng'ambo ya barabara, akasema gari linamvusha vizuri sana.

Ndelwa akapanda mlima kwa miguu. Viatu vyake vilikuwa vya ofisini, na mvua ilikuwa imenyesha. Kila alipodhani amefika, palikuwa na kona nyingine na mwinuko mwingine wa utelezi, na akina mama wenye mizigo ya kabichi wakimpita na kumpa pole. Alipofika juu alikuwa ameshaacha kuona aibu ya kuhema mbele ya watu.

Mwenye chombo alikuwa Bi Sikitu Mgaya, mjane wa makamo, mwanamke mwenye mikono mipana na maneno machache. Alikuwa na pikipiki ya magurudumu matatu, ile ya mizigo ambayo watu huiita guta, na kwa miaka alilitumia kushusha kabichi sokoni. Halafu shemeji yake alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wanaume wakambeba kwa machela, wakateleza kwenye matope, wakainuka, wakateleza tena, na walipofika chini walikuwa wamembeba mtu ambaye hakuhitaji tena hospitali. Bi Sikitu hakuongea na mtu msiba mzima. Ulipokwisha alisukuma guta lake hadi kwa mzee Chogero, fundi wa kuchomelea, akamwambia aling'oe bodi la kabichi na kuweka kitanda. Mzee Chogero aliweka kitanda, shokomzoba za kupunguza mtikisiko kutoka gari bovu la shule, turubai la kuzuia mvua na chuma cha kutundikia dripu. Tangu hapo, mgonjwa wa Ngazini alifika hospitali akiwa na joto mwilini.

Hayo yote Ndelwa aliyasikiliza kwa heshima. Alivua kofia kwa ajili ya shemeji. Kisha akatoa futi ya kupimia.

Alipima asubuhi nzima. Aligundua kwamba chombo hakina milango ya vioo inayojifungua yenyewe, kwa kuwa hakina milango. Hakina king'ora cha milio mbalimbali. Hakina kiyoyozi, ingawa alipoketi juu yake upepo wa mlimani ulimfanya afunge kifungo cha shati. Na la kuumiza kuliko yote, hakikuwa na umbo lake la awali. Ndelwa alimuuliza Bi Sikitu kama anakiri kwamba chombo hiki kilizaliwa cha kabichi.

Bi Sikitu alisema anakiri.

"Na sasa kinabeba watu."

"Ndiyo. Kabichi zinavumilia zaidi."

Ndelwa akafunga utepe mwekundu kuzunguka kitanda, akatia kufuli kwenye gurudumu la mbele, akaeleza kwa sauti ya upole kwamba chombo kimezuiliwa hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo. Alitarajia makelele. Aliandaliwa kwa makelele. Katika mafunzo wakaguzi walifundishwa namna ya kurudi nyuma. Lakini watu walitazama tu, wakatawanyika kwenda mashambani, na Bi Sikitu akamletea viazi vya kuchemsha na maziwa mgando, kwa kuwa ni mgeni na amechoka. Ndelwa alikula, na viazi vilikuwa vitamu, na jambo hilo lilimsumbua kidogo.

Alilala kwenye chumba cha mapumziko cha zahanati. Asubuhi, alipokuwa anapiga mswaki nje, akaona watu wanakuja mbiombio na mwanamke amebebwa mgongoni na mumewe. Jina lake Nyamizi. Tumbo lilikuwa kubwa na uso umebadilika rangi. Halmeda, muuguzi pekee wa zahanati ile, alimpapasa kwa muda mfupi tu, akatoka nje akifuta mikono.

Mtoto amekaa kukingama, akasema. Hapa hatoki. Ni upasuaji, na upasuaji uko chini.

Hakuna aliyemtazama Ndelwa, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama. Walikuwa wanautazama utepe. Mume wa Nyamizi alishakwenda kutafuta machela. Mvua ya rasharasha ilikuwa imeanza.

Ndelwa akafanya lile ambalo mtumishi yeyote mwadilifu angefanya: akampigia simu mkubwa wake. Mheshimiwa Kapufi alipokea akiwa kwenye semina, akasikitika sana kusikia habari za mama huyo, akasema serikali haiwezi kukaa kimya, na ndiyo maana ilinunua Gari la Wagonjwa la Mfano. Liitwe mara moja. Ndelwa akampigia dereva wa Gari la Mfano. Dereva akasema yuko tayari, injini inanguruma, milango imeshajifungua, waulete tu ule mwili, samahani, wamlete huyo mgonjwa. Ndelwa akampigia tena Mheshimiwa akamweleza kwamba gari halipandi mlima. Mheshimiwa akamuuliza, mlima upi?

Ndelwa alikaa kwenye benchi la zahanati akiwa na kitabu cha kanuni magotini. Ndani alimsikia Nyamizi. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anahesabu pumzi zake, halafu anapoteza hesabu, halafu anaanza tena. Ndelwa na Bi Tekla hawakujaliwa mtoto, lakini walikaribia, zamani, na alizikumbuka pumzi za namna ile. Akafungua kitabu. Alikisoma kama hajawahi kukisoma, si kutafuta kinachokatazwa, jambo ambalo huonekana ukurasa wowote, bali kutafuta ufa. Na kwa kuwa kila sheria hutungwa na watu wengi waliochoka, ufa ulikuwepo, katika kifungu cha mwisho mwisho, baada ya masharti ya rangi: mkaguzi aweza kukiendesha chombo kilichozuiliwa, au kuamuru kiendeshwe, kwa ajili ya majaribio, kikiwa na mzigo unaofanana na ule ambao kinakusudiwa kubeba.

Akaingia ndani, kofia mkononi.

"Mama," akamwambia Nyamizi, "samahani sana. Sheria inaniruhusu kukijaribu chombo kikiwa na mzigo. Je, wewe unakubali kuwa mzigo wa majaribio?"

Nyamizi alifumbua macho akamtazama mtu yule mwenye shati lililonyooka.

"Baba," akasema, "niite hata gunia. Twende."

Ndelwa akafungua utepe na kufuli. Mkaguzi lazima awepo kwenye jaribio, kwa hiyo Ndelwa akakaa miguuni pa kitanda, mkono mmoja umeshika chupa ya dripu maana chuma cha kutundikia kilikuwa kinatikisika, na mkono mwingine umeshikwa na Nyamizi, ambaye hakuuomba. Halmeda alikaa upande wa kichwa. Bi Sikitu aliendesha. Hakuendesha kwa kasi. Aliendesha kama mtu anayeshusha sufuria la maziwa. Kwenye kona moja ya utelezi guta lilianza kuelemea bondeni. Bila kugeuka akamwambia mkaguzi ashuke na kuning'inia upande wa juu, na Ndelwa, ambaye kanuni zake zilikataza mtu yeyote kuning'inia popote, akamkabidhi Halmeda dripu, akaning'inia. Matope yalimrukia hadi masikioni. Guta likanyooka. Alibaki ananing'inia kona zote zilizofuata, hata zile zisizohitaji.

Walilipita Gari la Mfano, dereva akawapungia mkono.

Mtoto alitoka kwa upasuaji, wa kike, mwenye sauti kali. Ndelwa alikuwa kwenye ngazi za hospitali na matope yake. Halmeda alipomletea habari, aliitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akasogea pembeni, akakaa muda mrefu akijifanya anasafisha viatu. Kisha akatoa karatasi na kuandikia makao makuu taarifa fupi: Jaribio limeanza. Matokeo bado.

Sasa, kifungu kile hakikusema jaribio liishe lini. Ndelwa alilithibitisha hilo kwa kukisoma tena na tena. Na mkaguzi makini hawezi kutoa hukumu kwa mzigo mmoja tu. Huenda ulikuwa mzigo mwepesi, huenda ilikuwa bahati. Kesho yake likafuata jaribio la mzee mwenye pumu. Baadaye jaribio la kijana aliyeanguka kutoka juu ya paa. Likaja jaribio la mapacha. Watu wa Ngazini walijifunza lugha haraka. Mtu akishikwa na homa anatuma ujumbe kwa Bi Sikitu: nahisi ninafaa kujaribiwa. Mkaguzi aliamka, akavaa, akaning'inia.

Huko makao makuu taarifa zake zilipokelewa kwa furaha. Hapakuwahi kuwa na mkaguzi mwenye bidii kama huyu. Mheshimiwa Kapufi alimtaja kuwa mfano mbele ya wenzake, akasema hivi ndivyo mzalendo anavyochunguza. Kulikuwa na hoja ndogo tu. Jaribio moja, lile la bibi mmoja aliyeugua moyo, mzigo haukufika mzima. Ofisi iliuliza kama hasara hiyo ilitokana na chombo. Ndelwa aliandika majibu marefu kuhusu bibi huyo, jinsi alivyokuwa akiwatania njiani, jinsi alivyomwambia mkaguzi kwamba ananing'inia kama popo mwenye cheo. Halafu akafuta yote, akaandika: Hapana. Siku hiyo hakula.

Bi Tekla, kule mjini, alivumilia miezi kadhaa. Kila alipopiga simu kuuliza mumewe anarudi lini aliambiwa jaribio linaendelea, jaribio linamhitaji, jana alikuwa na jaribio hadi jioni. Akafikiri sana juu ya mwanamke huyu aitwaye Jaribio. Mwishowe alipanda basi, akapanda mlima, akamkuta mumewe uani kwa Bi Sikitu, ndevu hazijanyolewa, anapaka grisi kwenye shokomzoba na huku anaimba. Bi Tekla alisimama akimtazama. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akiimba. Alikaa wiki, kisha akarudi mjini kufungasha vitu, akaja na vyombo vya jikoni na baiskeli yake, ambayo kwenye mlima ule haikumfaa kitu, ila mbele yake alikuwa ameshafunga kikapu. Ndelwa alikitazama kikapu, akasema kimekaa vizuri.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo hadi leo, lakini serikali ikaridhika. Hakuna kitu cha hatari kama serikali iliyoridhika.

Palikuwa na mkutano mkubwa wa kimataifa wa maumbo unaokuja, na nchi ya Usawa haikuwa na cha kuonyesha. Mheshimiwa Kapufi akakumbuka jaribio refu kuliko yote katika historia ya Mamlaka. Akapiga simu kwamba anakuja mwenyewe Ngazini, kulitangaza kuwa limefaulu.

Ndelwa alipokata simu alikuwa amebadilika rangi. Jioni hiyo aliwaita Bi Sikitu, Halmeda na mzee Chogero, akawaeleza. Jaribio likishindwa, chombo kinakatwakatwa vyuma chakavu. Hilo walilielewa. Likifaulu, jaribio limekwisha, na chombo kinakuwa kimezuiliwa kikisubiri Kamati ya Idhini.

Mzee Chogero akauliza Kamati hiyo hukaa lini.

Ndelwa akawaeleza, kwa uchungu wa mtu anayesema vibaya kuhusu nyumbani kwake, kwamba Kamati haijakaa kwa miaka. Kiti cha mwenyekiti kiliongezwa magurudumu ili kimrahisishie kugeuka, na kiti chenye magurudumu ni chombo kilichobadilishwa umbo, hakiwezi kukaliwa bila idhini ya Kamati, na Kamati haiwezi kukaa bila mwenyekiti kukaa.

Halmeda akasema, kwa hiyo tusifaulu na tusishindwe.

Hivyo ndivyo walivyokubaliana. Siku ya ugeni wangefanya jaribio la wastani, lisilo na mbele wala nyuma, la kumfanya mtu mzima aseme hebu tuendelee kuangalia. Bi Sikitu angepita kona moja vizuri na nyingine vibaya. Honi ingegoma. Mzee Chogero alilegeza turubai lipeperuke kidogo, si sana. Nyamizi mwenyewe alijitolea kuwa mzigo, mtoto wake akiachwa kwa bibi yake, na aliahidi kulalamika kwa kiasi.

Mheshimiwa Kapufi alifika na bendi ya tarumbeta. Kwa kuwa magari yao hayakuweza kupanda, bendi yote ilipanda kwa miguu, na ilipofika juu haikuwa na pumzi ya kupuliza, ikashika tu vyombo vyake kwa heshima. Mheshimiwa alibebwa na vijana kwenye machela. Aliposhuka aliusifia ukarimu wa wananchi na akasema safari ilikuwa tambarare kabisa.

Jaribio likafanyika. Bi Sikitu alijitahidi kuendesha vibaya, na hata mtu asiyejua lolote angeona mateso aliyoyapata. Guta liliyumba. Honi iligoma. Turubai lilipepea. Nyamizi alilalamika kwamba mto ni mgumu. Ndelwa alisimama kando na uso wa mashaka, akitikisa kichwa kila mara ambapo Mheshimiwa angeweza kumwona. Lakini Mheshimiwa hakuwa anatazama. Alikuwa anapitia hotuba, na hotuba iliandikwa mjini wiki iliyopita.

"Ndugu wananchi," akaanza, "mgonjwa ni mtu. Serikali yenu imelitafiti jambo hili kwa kina na haina tena wasiwasi nalo. Zamani mgonjwa alilala nyumbani. Leo, chini ya uongozi wetu, analala huku anatembea. Hatua hiyo haikuja yenyewe. Ilikuja baada ya Mamlaka kuona mbali, ikaona kitanda, ikasema kitanda hiki kitembee. Natangaza kwamba jaribio limefaulu kwa kishindo. Na kwa kuwa kitu kizuri namna hii hakistahili kuchakaa kwa kutumiwa, chombo hiki kinakwenda mji mkuu, kitawekwa mahali pa heshima, kila mwananchi aje akione."

Watu hawakupiga makofi mara moja. Mheshimiwa alidhani ni kwa ajili ya hisia, akafuta jicho.

Guta lilishushwa mlimani likisukumwa na bendi, likapakiwa kwenye lori lililopambwa maua. Bi Sikitu alilisindikiza hadi kona ya kwanza. Hapo alisimama, akapapasa kitanda mara moja, kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyeuzwa, akarudi. Ndelwa aliambiwa amepandishwa cheo: atakuwa Msimamizi wa Chombo cha Fahari ya Taifa, kazi yake kuhakikisha hakuna anayekigusa. Mheshimiwa alimtaka waondoke pamoja. Ndelwa alishukuru, akasema ana mambo madogo ya kumalizia, atafuata. Halafu alikwenda kukaa kwenye benchi la zahanati, lile lile, na Bi Tekla akaja akakaa karibu naye.

Chombo kile kipo mji mkuu hadi sasa, kwenye jukwaa la marumaru, kinafutwa vumbi kila asubuhi. Wageni wa mkutano wa maumbo walikizunguka wakipiga picha, na mmoja wao akauliza kinatumika wapi. Akaambiwa, hapa.

Lakini wagonjwa wa Ngazini hawakuacha kuugua kwa sababu ya sherehe. Kabla wiki haijaisha, mtoto wa jirani aliumwa kifua, wakamshusha kwa machela, wakateleza, wakafika. Walifika, ila kwa shida. Ndelwa alikuwa mmoja wa wabebaji. Mchana uliofuata alitoka kwenda kutembea, akasikia mlio wa kukata chuma kwa mzee Chogero, akaufuata.

Alipotokea mlangoni mlio ukakoma. Katikati ya karakana lilikuwepo guta jingine, la binamu yake Bi Sikitu, bado lina majani ya kabichi kwenye bodi, na bodi limeng'olewa nusu. Ukutani kimeegemezwa kitanda cha chuma. Bi Sikitu alikuwa ameshika spana. Walimtazama mkaguzi, na mkaguzi akawatazama, na wote watatu walijua kwamba hapakuwa tena na jaribio. Palikuwa na sheria tu, na mtu aliyeapa kuilinda.

Ndelwa akavua kofia, akaitundika kwenye msumari.

"Sheria inasema, kama mwenye chombo hajakiri vinginevyo, umbo la awali la chombo ni lile ambalo mkaguzi amekikuta nalo alipokiona mara ya kwanza," akasema, kama mtu anayejisomea. "Mimi hiki bado sijakiona vizuri. Macho yangu yana ukungu wa jua."

Mzee Chogero hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Alimsogezea bomba la chuma, akamwonyesha pa kulishika ili lisicheze wakati wa kuchomelea.

"Shika hapo, mkaguzi. Moto huu unaharibu macho, na miwani ninayo moja tu. Fumba."

Ndelwa akashika, akafumba macho sawasawa. Alisikia cheche zikiruka, akahisi joto la chuma likipanda mikononi, na sauti ya Bi Sikitu ikisema kidogo kushoto, hapo hapo, usiachie. Hakuachia. Walichomelea kiunzi, wakafunga shokomzoba, wakapandisha kitanda, na kila walipohitaji mtu wa kushika walimwongoza kwa bega hadi mahali pake. Mchana ulikuwa unaelekea jioni mzee Chogero alipozima mashine.

"Tayari," akasema. "Fungua macho."

Ndelwa alikuwa bado amelishika lile bomba kwa mikono miwili, uso umeelekea dirishani, macho yamefumbwa.

"Pakeni rangi kwanza," akasema.